Siku Nilipofuta Handbreki

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, blanketi na hotuba tatu. Saa inatembea, blanketi linapasha joto, hotuba nimezisahau. Lakini mmoja wenu, ambaye sitamtaja asije akavimba kichwa, aliniuliza swali nikiwa na sahani ya pilau mkononi, nikashindwa kulijibu: kwa nini kile chombo cha kung'olea dramu za breki, ambacho karakana nyingine zote zinakiita pula, sisi wa Garissa tunakiita kifuta? Nimekaa nyumbani mwezi mzima sasa, sina gari la kulalia chini yake, na mke wangu amechoka kuniona nikifungua na kufunga cherehani yake. Basi nimeona nijibu kwa maandishi. Habari za vyeo na mishahara mtazikuta kwenye faili, kama panya wamewaachia kitu. Hapa nitaeleza kazi.

Nilifika Garissa mwaka wa 1965, nikiwa na umri wa miaka ishirini na moja, cheti cha ufundi kilichokunjwa mara nne, na sanduku la vyombo alilonitengenezea mjomba wangu kule Kitui. Vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga, vilikuwa vimepamba moto. Mtu hakusafiri peke yake. Magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na sisi wengine katikati tukila vumbi la wote. Mama yangu alinililia kama maiti. Mimi sikulia, lakini nakiri kwamba kutoka Mwingi hadi mto Tana sikumeza mate.

Karakana yenyewe ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo, kwenye kilima kinachotazama mto Tana. Kutoka hapo barabara iliteremka moja kwa moja hadi kituo cha polisi, ambacho kilizungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, kisha ikaendelea hadi kivukoni. Kumbukeni mteremko huo na mawe hayo, maana nitavirudia.

Fundi mkuu alikuwa Msomali mrefu, mwembamba, mwenye ndevu zilizopakwa hina, jina lake Hirsi. Hakuwa na cheti hata kimoja. Ufundi aliupata katika malori ya jeshi wakati wa vita vya Hitler, na kwa kuhangaika. Siku ya kwanza aliniuliza:

"Wewe cheti iko?"

Nikampa kwa mikono miwili. Akakitazama mbele, akakitazama nyuma, akakikunja vizuri kama kilivyokuwa.

"Fizuri sana. Weka mbali, mafuta isiharibu. Sasa leta sbana."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano yangu ya kazi. Niliyofanya baadaye mbele ya watu wenye tai hayakunipa hofu kama yale.

Kiswahili cha Hirsi kilikuwa cha kufanyia kazi tu, na kwa ulimi wake P ilikuwa B, na V ilikuwa F. Pampu ilikuwa bambu, vumbi lilikuwa fumbi. Wiki ya kwanza aliniagiza "bima mafuta ya injini," nikamjibu kwa heshima zote kwamba bima inafanywa Nairobi. Akachukua kile kijiti cha kupimia mafuta, akakichovya mwenyewe. Nilijiona mjinga, na haki ilikuwa yake. Baada ya mwezi nilidhani nimemjua. Nilikuwa nimeanza kumwita adeer, yaani baba mdogo, kama vijana wa mjini walivyomwita, na yeye akaacha kuniita Mkamba akaanza kuniita Mutinda. Kila siku saa nne tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia. Mwanzoni niliinywa kwa adabu, baadaye nikainywa kwa uchu.

Alinifundisha mambo ambayo chuo hakikunifundisha, na moja nawaachia hapa. Dramu ya breki usiiamini kwa macho. Itundike kwa waya, uigonge kwa spana. Iliyo nzima hulia kama kengele na sauti yake hukawia kuisha. Iliyopasuka hukohoa, hata kama ufa wenyewe huuoni. "Chuma haijui uongo," alikuwa akisema. "Binadamu beke yake ndiyo anajua."

Sasa nije kwenye gari. Hospitali ilikuwa na Moris nyeusi ya zamani, iliyoachwa na daktari Mwingereza alipokwenda zake kwao. Hata wakati ule watu walikuwa wakisimama kuitazama, kwa taa zake za macho ya chura na vidaraja vya kukanyagia mlangoni. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa ili mgonjwa alazwe. Aliyeitumia ni mkunga, Sista Rahma, mwanamke wa maneno machache na sare nyeupe inayoumiza macho. Hakuwa na gari jingine. Mama aliyeshikwa na uchungu katika manyatta za wafugaji za mbali aliletwa na Moris hiyo, au hakuletwa.

Jumatatu moja aliileta tuikaze breki. Akashuka, akanionyesha doa jeusi kwenye mkono wa sare yake.

"Mutinda, kila nikishika hiyo handbreki yenu natoka kama muuza makaa. Hakuna mtu wa kuisafisha?"

Nikamwahidi itasafishwa. Kumbukeni na hilo pia.

Hirsi alikaza breki hadi adhuhuri. Gari lilikuwa ukingoni mwa mteremko, pua ikitazama juu, na yeye ndani, mguu kwenye pedali. Adhana ikasikika. Akaniita.

"Kuja, kaa haba. Kanyaga breki. Mimi naenda kuswali. Handbreki futa sana, halafu wewe toka."

Nikakaa, nikakanyaga. Nikachukua kitambaa chenye mafuta ya taa nikaifuta handbreki. Niliifuta sana, kama nilivyoagizwa. Nilifuta fimbo yake, kitufe chake, hata meno ya chini nikayapitia kwa ncha ya kidole. Iling'aa. Nilifikiri, Sista leo atafurahi. Kisha nikatoa mguu kwenye pedali, nikashuka, nikaenda kutundika kitambaa.

Handbreki ilikuwa imeshika meno mawili tu. Gari lilisimama kidogo, kana kwamba linawaza, halafu likaanza kurudi nyuma. Nilipogeuka lilikuwa limeshaniacha. Nililikimbilia huku nikipiga kelele, na kelele haijawahi kusimamisha gari. Lilishuka mteremko wote bila mtu ndani, likiwa limenyooka kama linaloendeshwa, likafika kituo cha polisi na kugonga mawe meupe kwa magurudumu yote mawili ya nyuma. Askari wa zamu alilala chini akalielekezea bunduki. Inspekta wa kituo alikuwa barazani anakunywa chai. Chai yote ikamwishia kwenye kaptura.

Jiwekeni mahali pake. Ni wakati wa vita, na gari tupu linakuja mbio kwenye kituo chako kutoka karakana ya Msomali. Askari wake walikuwa wameangalia juu muda mfupi kabla ya hapo, wakamwona Hirsi amekaa kwenye usukani. Inspekta alipanda kilima na askari wanne. Alimkuta mzee kwenye mkeka, akamngoja amalize swala, na kwa hilo namsifu. Kisha akasema:

"Mzee, umenitumia gari bila dereva."

Hirsi akasimama, akatazama chini, akaliona gari. Akanigeukia.

"Mutinda. Handbreki ulifuta?"

"Nilifuta, adeer."

"Ulifuta sana?"

"Sana, adeer. Haki ya Mungu."

Akamgeukia Inspekta. "Kijana anasema alifuta. Yeye hajui uongo. Basi ni kazi ya Mungu."

"Mungu hafanyi kazi kwa shifta," alisema Inspekta. Wakamfunga pingu. Alitamka neno ambalo nilikuja kulijua vizuri miaka ile: hujuma. Msafara wa kwenda Nairobi ulikuwa unaondoka Alhamisi. Alisema mzee atakwenda nao, akajieleze huko. Waliokwenda kujieleza huko, wengine tuliwaona tena na wengine hatukuwaona.

Nilibaki chini ya mabati nikishangaa kama wengine wote. Alasiri nilikaa kwenye tairi, nisijue la kufanya. Pale barabarani mkokoteni wa maji ulikuwa umekwama mchangani. Mwenye mkokoteni alikuwa nyuma anasukuma, na mwenzake mbele ameshika hatamu za punda. Yule wa nyuma, Msomali kama Hirsi, akapiga kelele: "Futa! Futa, waryaa! Futa sana!"

Na yule wa mbele hakumfuta punda. Alimvuta.

Sijui niwaelezeje. Futa. Vuta. Mwezi mzima nilijua kwamba V yake ni F, nilijua kwamba vumbi ni fumbi na vizuri ni fizuri, na bado nilichukua kitambaa.

Mngetaka niwaambie kwamba nilikimbia moja kwa moja kituoni. Sikukimbia. Nilikaa kwenye lile tairi hadi jua likazama, kwa sababu niliipenda kazi yangu na niliziogopa zile pingu. Nina aibu na alasiri ile hadi leo.

Jumanne asubuhi nilikwenda. Inspekta alikuwa mtu wa bara kama mimi, mpole akiwa na chai mkononi, na siku hiyo hakuwa nayo. Nilimweleza yote, kuanzia doa la Sista hadi punda. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo alikuambia uvute, wewe ukafuta."

"Ndio, afande."

"Kwa kitambaa."

"Ndio, afande. Chenye mafuta ya taa."

"Kijana, kwa kazi hii nimesikia uongo wa kila aina, lakini huu ni wa kwanza kuletwa na kitambaa. Mzee anakupa chai kila siku, nawe unataka kumlipia. Hakuna mtu mwenye akili timamu anaweza kuambiwa vuta handbreki, halafu afute. Hakuna!"

Aliyetuokoa hapo ni Sista Rahma, aliyeingia bila kubisha hodi. Alisema ana mama wawili walio karibu kujifungua, mmoja yuko nje kabisa ya mji, na kwamba Inspekta akimpeleka fundi Nairobi, basi aje yeye mwenyewe awabebe mgongoni. Inspekta akatazama dari. Mwishowe akatoa hukumu. Hirsi atolewe mchana afanye kazi chini ya ulinzi. Alhamisi asubuhi, kabla ya msafara, yeye Inspekta mwenyewe atapanda Moris na kuijaribu kwenye mteremko ule ule, kwa breki ya mguu na kwa handbreki. Ikishindwa, mzee anakwenda.

"Na ikiweza, afande?" nikauliza.

"Ikiweza nitafikiria."

Tuliivuta Moris hadi juu kwa lori, tukaipiga jeki. Hirsi akatoa kile chombo cha makucha matatu, akang'oa dramu za nyuma, akazitundika kwa waya. Ya kwanza ilikohoa. Ya pili haikukohoa hata, ilianguka kipande. Hapo nikaamua kukiri, maana sikuweza kumtazama machoni tena bila kusema.

"Adeer, jana nilifuta kwa kitambaa."

Akasimamisha kazi. "Kitambaa gani?"

"Kile cha mafuta ya taa."

Alipitisha mkono kwenye ile dramu iliyovunjika. Askari aliyekuwa akimlinda akasogea asikie vizuri.

"Basi ilikuwa safi," alisema hatimaye. "Lakini jana kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Haye. Kuogoba si dhambi. Kulala na yeye ndiyo dhambi. Toa jeki hiyo haba, weka hii."

Hakulitaja tena. Laiti angenipiga kofi, ningepona haraka zaidi.

Dramu mpya zingetoka Nairobi baada ya majuma, na sisi tulikuwa na siku mbili. Lakini nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja kulikuwa na mifupa ya Moris nyingine kama hiyo hiyo, iliyokufa kabla ya Uhuru. Ilikuwa imeliwa hadi ukwato, dramu zote nne hazipo. Hirsi hakubabaika. Katika mji ule alijua kila chuma kilikokwenda kustaafu.

"Moja iko shule," alihesabu kwa vidole. "Moja iko kwa chai. Moja iko kwa mbuzi. Ya nne Mungu anajua."

Tukaanza na hoteli ya chai. Dramu ilikuwa imefanywa jiko, imejaa makaa. Mwenyewe akayamwaga kwa shingo upande, tukaingoja ipoe, Hirsi akaigonga. Ikakohoa. Moto wa miaka umeimaliza. Tukairudisha na kuomba radhi, na chai yetu ilikuja baridi.

Shuleni dramu ilikuwa kengele, imetundikwa kwenye mgunga nje ya darasa. Mwalimu mkuu, Mwalimu Wafula wa kutoka Bungoma, alisimama mbele yake kama mlinda lango.

"Mnataka kuchukua kengele ya shule? Watoto watajuaje saa ya kuingia?"

"Mwalimu, biga mara moja tu," alisema Hirsi.

Mwalimu akaipiga. Sauti ikatoka safi, ikazunguka uwanja wote, ikachelewa kwisha. Watoto wakatoka mbio wakidhani ni mapumziko. Hirsi akafumba macho, ndevu zikitikisika kwa furaha.

"Hii nzima! Mimi nimesikia yeye kila siku kutoka karakana, nikasema, wallahi, hii dramu iko na afya."

Mwalimu hakulegea hadi tulipomletea ringi ya gurudumu la lori badala yake. Alipoigonga ringi hiyo ilisikika hadi ng'ambo ya mto, na tangu siku hiyo Mwalimu Wafula akawa anatusalimia yeye kwanza.

Ya tatu tuliikuta kisimani, mbuzi wanainywea maji. Kutu ilikuwa imeivaa kama koti. Hirsi aliimwaga, akaigonga, akaweka sikio. Chini ya kutu kulikuwa na sauti, ya chinichini lakini nzima. Askari wetu, ambaye asubuhi alikuwa amemwelekezea mzee bunduki, ndiye aliyeibeba hadi karakana. Bunduki alinipa mimi nimshikie. Msimwambie mtu.

Kazi ngumu ilibaki. Ndani ya dramu lazima pawe duara kamili na laini, la sivyo viatu vya breki vitashika hapa na kuachia pale. Mashine ya kukereza ya karibu ilikuwa Nairobi. Hirsi alifanya hivi, na nyinyi mnaotaka mashine kwa kila jambo sikilizeni. Tuliinua gurudumu moja la nyuma, lile la pili likabaki chini limezuiwa kwa mawe. Dramu tukaifunga kwenye ekseli kinyume, mdomo ukitazama nje. Nikawasha injini, nikatia gia ya kwanza. Dramu ikazunguka polepole, na mzee amekaa mbele yake kwenye debe, ameshika jiwe la kunolea kwa mikono miwili, viwiko vimebanwa magotini visitikisike. Kutu ikatoka vumbi jekundu, kisha kijivu, kisha chuma kikaanza kutabasamu. Kila baada ya muda alinifanya nizime injini, akapitisha kidole ndani, akafumba macho, akatikisa kichwa. "Bado." Tulifanya hivyo Jumanne alasiri na Jumatano kutwa. Mimi nilikata viatu vya breki kwa tupa vilingane na dramu, nikavimaliza kwa msasa, nikavipaka chaki ili nione vinagusa wapi. Ngozi ya vidole vyangu iliisha. Jumatano saa kumi na moja jioni Hirsi alipitisha kidole, akafungua macho.

"Alhamdulillahi. Funga."

Kabla hajarudishwa rumande alinishika bega. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Alhamisi msafara ulikuwa umejipanga chini, injini zinanguruma, na kwenye lori la mwisho palikuwa na nafasi aliyowekewa mzee. Karibu mji wote ulikuja. Sista Rahma alisimama kando na sare yake. Mwalimu Wafula alileta darasa zima, akisema ni somo la sayansi.

Inspekta alikaa mbele, kushoto kwa Hirsi. Mimi nilichuchumaa nyuma pale wanapolazwa wagonjwa. Mbio ya kwanza ilikuwa ya breki ya mguu. Tukateremka kwa kasi, Hirsi akakanyaga, na Moris ikasimama imenyooka, haikuyumba kulia wala kushoto, mbele ya mawe meupe kwa hatua tatu za mtu mzima. Watoto wakashangilia. Inspekta akaonyesha juu kwa kidole.

Mbio ya pili ilikuwa ya handbreki peke yake. Katika Moris ile handbreki ilikuwa kati ya viti, imeelekea zaidi kwenye goti la abiria. Tuliteremka. Vumbi la msafara lilikuwa limepanda na kukifunika kioo cha mbele, hata mawe tuliyaona kwa taabu. Katikati ya mteremko mbuzi watano wakaingia barabarani kwa utaratibu wao wa kawaida, yaani bila kumwuliza mtu. Hirsi alishika usukani kwa mikono yote miwili, akapiga kelele:

"Afande! Futa! Futa! Futa sana!"

Na Inspekta, haki ya Mungu, mtu mwenye akili timamu, alichomoa leso mfukoni akaanza kufuta kioo.

Alikifuta kwa nguvu. Alikifuta kwa mikono miwili. Nilijirusha katikati ya viti, nikaikamata handbreki nikaivuta kwa uzito wangu wote na kwa dhambi zangu zote. Zile dramu mbili, ya kengele na ya mbuzi, zikashika kwa pamoja. Moris ikalia, ikakita, ikasimama. Mbuzi mmoja alikuwa amesimama kando ya jiwe jeupe, ndevu zake karibu ziguse bampa, anatutazama.

Inspekta bado alikuwa ameshika leso. Aliitazama, ilikuwa nyeusi kwa vumbi. Akakitazama kioo, safi kabisa. Akaitazama mikono yangu kwenye handbreki. Nikaona jambo likimwingia polepole, kama maji yanavyoingia kwenye udongo mkavu.

"Alisema nini?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Alisema uvute, afande."

"Nami nimefuta."

"Ndio, afande. Umefuta vizuri sana."

Alianza kucheka kwa mabega, kisha kwa tumbo, kisha akafungua mlango akashuka ili acheke akiwa na nafasi. Alijaribu kuwaeleza askari wake akashindwa, akawa anawaonyesha leso tu. Akarudi dirishani kwa Hirsi akafuta machozi kwa leso ile ile, akabaki na uso mweusi hadi masikioni.

"Mzee, nenda nyumbani," alisema. "Nenda ukanywe chai. Hujuma hakuna. Kuna Kiswahili tu."

Lori la mwisho liliondoka na nafasi yake tupu. Sijawahi kusikia kelele kama zile: watoto, askari, akina mama, na Mwalimu Wafula aliyekimbia hadi shuleni kuigonga ringi yake kana kwamba ni siku ya Uhuru. Nilimkumbatia mzee nikalia mbele ya watu wote, na sikujali. Sista Rahma aliingia garini, akashika handbreki, akatazama kiganja chake. Kilikuwa cheupe. Akaniitikia kwa kichwa, akaenda zake kumchukua mama wa nje ya mji, na kabla ya jua kuzama alirudi naye na mtoto wa kiume, ambaye hakuwa na subira akazaliwa njiani.

Toka siku hiyo hakuna aliyesema pula katika karakana yetu. Chombo cha kuvutia kikawa kifuta, kwanza kwa mzaha, kisha kwa mazoea, na wageni waliotucheka tuliwapa kitambaa. Nimefanya kazi nyingi baada ya hapo. Nimefufua lori Liboi kwa sabuni ya kipande na ngozi ya mbuzi, nimelala siku nne chini ya Landrova huko Bute nikingoja boliti moja. Kila penye mteremko, kabla sijashuka kwenye gari, nimeshika handbreki nikaivuta, halafu nikaivuta tena. Mnaonicheka kwa tabia hiyo, sasa mnajua.

Hirsi alistaafu miaka kumi hivi baada ya ile Alhamisi, akafungua kihoteli cha chai karibu na karakana. Siku moja nilimwendea na swali lililokuwa likinikereketa muda wote huo. Nilikuwa nimeupima mteremko ule kwa hatua zangu. Alipopiga kelele, mbuzi walikuwa mbali bado. Usukani wa Moris ulikuwa laini, ungeshikwa kwa mkono mmoja. Na breki ya mguu ilikuwa nzima kabisa, tulikuwa tumeijaribu muda mfupi tu kabla ya hapo.

"Adeer," nikamwambia, "siku ile mkono wako wa kushoto ulikuwa na kazi gani? Ulikuwa unajua Inspekta atafanya nini?"

Alinitazama. Ndevu za hina zikatikisika kidogo. Akamimina chai ya maziwa ya ngamia, akasukuma kikombe upande wangu, akaonyesha kiti kilichokuwa kando, kimejaa vumbi.

"Mutinda," alisema, "wewe futa kiti, tunywe chai."

Nikakivuta, nikakifuta, nikakaa.